Nduthi ya Volti 6 Kwenye Superhighway

Wasee, kabla hamjacheka taa ya nduthi mzee, pigeni hesabu.

Pikipiki ndogo nyingi za Japani za miaka ya 1970 zilikuja na umeme wa volti 6. Umeme wenyewe ulitoka kwa magneto inayozungushwa na injini, na taa ya mbele ilipewa wati 25 hivi. Ukipunguza mwendo, mwanga unafifia. Kwa barabara za mwendo wa pole, ilitosha.

Halafu barabara ikabadilika. Bajeti ya 2008 iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, boda za volti 12 kutoka India na China zikajaa Ruiru na Thika. 2012 Thika Superhighway ikafunguliwa. Nduthi ya guka ikabaki na mwanga wa koroboi katikati ya malori.

Mimi nilikosea vile wengi hukosea: nilifunga halojeni ya wati 55. Kwa volti 6, hiyo ni zaidi ya ampea 9. Kufika Juja betri imekufa, waya zinanuka, lori liko nyuma na hakuna anayeniona.

Sasa nina LED ya wati 10, na rektifaya kwa sababu LED haipendi umeme wa magneto ukiwa mbichi. Nilianza na taa ya nyuma. Kuonekana kwanza, kuona baadaye.

Mzee haongezewi mzigo. Anapunguziwa.

Guka wako alikuachia gani?