Tezi ya Balghamu

Kwa siku mbili tulimnyima maji mdogo wangu. Alikuwa ameanguka na bodaboda, akagonga kichwa, akalazwa wiki nzima, kisha akarudi nyumbani akiwa mzima isipokuwa kwa jambo moja: alikunywa maji bila kukoma na kukojoa bila kukoma, usiku kucha, mkojo mweupe kama maji ya bomba. Jirani akasema ni kisukari. Tukakubali sote, maana kiu na mkojo wa namna ile hatukuvijua kwa jina jingine. Mama akaondoa sukari mezani. Alipoona ndoo ya usiku inazidi kujaa, akaficha na mtungi.

Usiku wa pili kijana akaanza kuweweseka, midomo imepasuka.

Hospitali walipima sukari, ikawa sawa kabisa. Wakamrudishia maji, akatulia. Daktari aliandika kwenye faili neno refu nililolinakili kiganjani kwa kalamu: nyurohipofisisi. Nikamuuliza kama ndiyo ile pituitari ya nyuma tuliyoisoma sekondari. "Karibu," akasema, "lakini neno hili linabeba na kikonyo. Mdogo wako ameumia kwenye kikonyo."

Nikaanza kulifuatilia neno hilo, nadhani kwa sababu ya aibu.

Tuanze na pituitari. Kwa Kilatini *pituita* ni kamasi. Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba ubongo hutoa taka, taka hizo hushuka kupitia kitu mfano wa faneli, hupokelewa na kitezi kilichokaa chini ya ubongo, kisha huchuruzika hadi puani na kooni. Mwaka 1543 Vesalius, aliyemsahihisha Galeni kwa mengi, bado alikiita kitezi hicho kipokeaji cha kamasi ya ubongo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1660, Conrad Schneider wa Wittenberg alipoonyesha kwamba kamasi hutengenezwa na utando wa pua wenyewe, na kwamba njia ya kutoka kwenye ubongo haipo. Nadharia ikafa, jina likabaki.

Nilipomsimulia Bibi, mtu wa Pangani, alicheka. "Kwa hiyo wanasema kichwani mwa mjukuu wangu mna balghamu?" Naye alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Balghamu tumeipata kwa Waarabu, Waarabu waliipata kwa Wagiriki, na neno hilohilo la Kigiriki ndilo ambalo matabibu wa Kilatini walilitafsiri *pituita*. Bibi na Vesalius walikuwa wakitaja kitu kimoja.

Mwaka 1778 Mjerumani Sömmerring alikipa kitezi jina lisilo na kamasi ndani yake: hipofisisi, yaani kilichoota chini. Ni jina la kiungwana, linasema kitu kilipo na kunyamaza kuhusu kazi yake. Kisha mwaka 1838 Rathke akachunguza viinitete na kuona kwamba sehemu ya mbele huota kutoka kwenye paa la kinywa kwenda juu, hali sehemu ya nyuma ni ubongo wenyewe uliojinyoosha kwenda chini. Ni watu wawili wa koo mbili waliolala kitanda kimoja. Ndiyo maana ya "nyuro" kutangulia: kilichoota chini, cha neva. Aliyesema "pituitari ya nyuma" ametaja mahali. Aliyesema nyurohipofisisi ametaja ukoo, na ukoo huo unaanzia juu, kwenye kikonyo.

Lakini hata sehemu hii ya nyuma haikuepuka kueleweka vibaya. Mwaka 1895, London, Oliver na Schäfer waliwadunga wanyama maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye pituitari, shinikizo la damu likapanda, na miaka mitatu baadaye Howell akaonyesha kwamba nguvu hiyo imo katika sehemu ya nyuma. Homoni yenyewe ikaja kuitwa vasopresini, kibana mishipa, ingawa kazi yake ya kila siku ni kuziambia figo zisimwage maji. Mwaka 1908 Herring aliona kwa hadubini matone ndani ya nyurohipofisisi na kudhani yanapanda kuelekea ubongoni. Ninampenda Herring: aliona kweli, akakosea upande tu. Mwaka 1949 Bargmann alionyesha kwamba matone hayo yanashuka. Homoni hutengenezwa juu, kwenye haipothalamasi, hupita kwenye kikonyo ndani ya nyuzi za neva, na huku chini huwekwa akiba tu. Pituitari ya nyuma ni ghala.

Ghala likiharibika, kiwanda kinaweza kutafuta mlango mwingine. Barabara ikikatwa juu sana, kiwanda nacho hufa. Daktari alikuwa akinieleza hilo, nami nikidhani ananisahihisha msamiati.

Ugonjwa wenyewe uliitwa kwa muda mrefu kwa jina lenye neno la kisukari ndani yake, "kisukari kisicho na ladha", kutoka enzi za matabibu kuonja mkojo. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni wa nchi mbalimbali walipendekeza uitwe upungufu wa vasopresini, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakidhuriwa hospitalini na wahudumu waliosikia kisukari na kuacha kusikiliza. Nilisoma hilo mara mbili, kisha nikamsomea Mama. Hakusema kitu. Alinyanyuka akaenda kujaza mtungi, ingawa ulikuwa umejaa.

Dawa ya mdogo wangu ni homoni ya kutengenezwa, na hupuliziwa puani. Jioni huinamisha kichwa, huvuta pumzi, hufuta kamasi kwa mkono wa shati. Bibi humtazama na kuniuliza kama nina hakika kwamba yule Mgiriki alikosea.