Simulizi kama Ulinzi: Kaya Kinondo katika Historia ya Wadigo

Masimulizi ya Wadigo wa Kwale, sawa na ya Wamijikenda wengine, huanzia Singwaya, upande wa kaskazini, na kuishia katika kaya: makazi ndani ya msitu ambamo fingo lililobebwa safarini lilizikwa. Mwaka 1972 mwanahistoria R. F. Morton alidai kwamba kisa hicho kilizuka baadaye, kwani hakionekani katika maandishi ya awali ya karne ya 19. Thomas Spear, katika The Kaya Complex (1978), alikitetea kwa mapokeo ya wazee.

Mjadala huo uliipima fasihi simulizi kama hati tu: je, safari ilitokea? Huko Kaya Kinondo, kusini ya Diani, kisa kina kazi nyingine. Ndicho kinachoeleza kwa nini mti haukatwi na kwa nini mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Kwa maana hiyo, msitu ni sehemu ya matini. Ukimegwa kwa ajili ya majengo ya pwani, simulizi hupungukiwa na ushahidi wake.

Kuanzia mwaka 1992 kaya kadhaa za Kwale zilitangazwa kuwa urithi wa taifa, na mwaka 2008 Kinondo iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, sheria hulinda miti na mipaka. Sababu ya kuiheshimu hubaki midomoni mwa wazee, nayo hudumu iwapo tu vijana wataisikiliza.