Bonsai: Sanaa ya Mti wa Chunguni na Wajibu wa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Bonsai ni sanaa ya kukuza mti halisi ndani ya chombo cha kina kifupi, ukabaki mdogo huku ukiwa na sura ya mti mzee. Neno hilo ni la Kijapani, na asili ya sanaa yenyewe ni China. Bonsai si aina ya mbegu wala mti uliodumazwa na ugonjwa. Udogo wake hutokana na kupunguzwa matawi na mizizi, kuelekezwa kwa waya, na kubadilishiwa udongo kila baada ya miaka michache.

Kwa muda mrefu sanaa hii imefunguliwa milango kwa umma. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Tokyo mwaka 1923, baadhi ya wakuzaji walihamia Omiya, kaskazini mwa jiji hilo, na kuanzisha kijiji chao mwaka 1925. Kanuni zao zilimtaka kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, azungushie nyumba yake ua wa miti na aache lango wazi kwa wageni. Kongamano la kwanza la Dunia la Bonsai lilifanyika huko mwaka 1989, na la mwaka 2022 lilifanyika Perth, Australia. Katika mikutano ya aina hii mabingwa hufundisha kwa vitendo, na asiye na mti hata mmoja hukaribishwa kutazama na kuuliza.

Mfano wa uvumilivu wa sanaa hii ni msonobari wa familia ya Yamaki, unaotunzwa tangu mwaka 1625. Mti huo ulinusurika bomu la Hiroshima la Agosti 6, 1945, na mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa Marekani, ambako ungali hai jijini Washington.

Kwa mkazi wa Kijenge, fursa ya karibu ya kukutana na wakuzaji wa miche na maua ni Maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kaskazini katika Viwanja vya Themi, Njiro, ambayo kilele chake ni Agosti 8. Miongoni mwa miti ya Afrika inayofaa kwa bonsai ni mkwaju, mkuyu, mbuyu na waridi la jangwani. Hata hivyo, utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi huupaka kwenye mishale yao. Hivyo, mmea huo uwekwe mbali na watoto na mifugo.

Jambo la msingi ni chanzo cha mti. Wakuzaji huthamini mti uliokunjwa na upepo na mwamba kwa miaka mingi, na mzeituni mwitu au mwangati wa miteremko ya Mlima Meru unaweza kumshawishi anayetafuta njia ya mkato. Mti wa namna hiyo ukichimbwa bila utaalamu hufa, na msitu unaotunza vyanzo vya maji vya Arusha hubaki na pengo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchukua mazao ya msitu wa hifadhi bila kibali. Aidha, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha mgeni haruhusiwi kung'oa mmea wowote.

Vilevile, mimea kutoka nje ya nchi, pamoja na udongo wake, inaweza kuingiza wadudu na magonjwa ya mazao. Anayekusudia kuiagiza anapaswa kwanza kupata kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Ngaramtoni, Arusha.

Wananchi wanaotaka kuanza wanashauriwa kununua mche kitaluni au kuotesha mbegu. Mbegu ya mkwaju hupatikana sokoni kwa bei nafuu na huota kwa urahisi. Yanayobaki ni maji, jua na subira.