Jinsi ya kuondoa draiva za sauti zilizobaki kwenye kompyuta

Kompyuta inaweza kugoma kutoa sauti hata kama spika ni nzima. Wakati mwingine kinachovuruga ni draiva za hedifoni au kadi ya sauti iliyoachwa kutumika zamani. Kifaa kikichomolewa, Windows haifuti draiva yake. Inaitunza, ili kikirudishwa kifanye kazi papo hapo.

Hatua za kufuata

1. Bofya kulia alama ya Start, chagua "Device Manager".
2. Fungua "View", kisha bofya "Show hidden devices".
3. Ingia "Sound, video and game controllers". Vifaa ambavyo havijachomekwa vinaonekana vimefifia.
4. Bofya kulia kifaa kisichohitajika tena, chagua "Uninstall device". Kikitokea kisanduku cha kufuta na draiva, kiwekee tiki. Bila hivyo jina linatoka kwenye orodha, lakini draiva inabaki.
5. Zima kompyuta na kuiwasha upya ("Restart").

Hapa ndipo wengi hukosea

Kufifia si lazima kiwe kifaa kilichokufa. Hata hedifoni ya USB ya kila siku ikichomolewa hufifia. Soma jina kwanza, ndipo ufute.

Na ikifutwa kwa bahati mbaya draiva ya kompyuta yenyewe? Usikimbilie kwa fundi. Ukiiwasha upya, kwa kawaida Windows huweka draiva yake, na sauti hurudi. Isiporudi, pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta hiyo.