Michi Miwili, Kinu Kimoja

Tarehe 28 Januari 2008 kampuni ya AMD iliingiza sokoni kadi ya grafiki iitwayo Radeon HD 3870 X2. Habari yenyewe ilikuwa kwenye ile X2 ya mwisho: kadi moja, chipu mbili. Kila chipu ilikuwa na transista milioni 666, na kwa pamoja zilivuka teraflopu moja, yaani hesabu trilioni moja kwa sekunde. AMD ililipiga sana tarumbeta hilo. Bei ilikuwa dola 449, zaidi ya shilingi laki tano za wakati ule.

Siku kumi baadaye, tarehe 7 Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma akatangaza kujiuzulu. Sababu ilikuwa Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za umeme wa dharura mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa mgawo, na mitambo isifike kwa wakati. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuziweka habari hizi mbili kwenye ukurasa mmoja. Naziweka kwa sababu zote mbili zinahusu nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi na nguvu inayomfikia mtu. Kutoka Nguvumali, kata ya Jiji la Tanga ambayo jina lake limeunganisha nguvu na mali, swali hilo halihitaji utangulizi mrefu. Mitambo ya Hale na ya Pangani iko mkoa huuhuu, ikizungushwa na mto tunaoujua, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, na mgawo ukitangazwa nasi tunakaa gizani kama wengine.

Miaka ile gemu za mtaani kwetu zilikuwa za kibandani: PlayStation 2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000, TV ya chogo, pedi mbili, na aliyefungwa anapisha. Hakuna aliyekuwa anahesabu fremu. Lakini mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi lile alijua picha inayoteleza na picha inayokwama, na alijua bila kuambiwa na mtaalamu. Tulikumbuke benchi hilo, nitalihitaji baadaye.

Wazo la chipu mbili halikuwa geni. ATI, kabla ya kununuliwa na AMD, ilikuwa imeshatoa Rage Fury MAXX yenye chipu mbili mwishoni mwa miaka ya tisini. Ilipokuja Windows 2000, chipu ya pili haikuweza kutumika. 3dfx nayo ikatoa Voodoo5 5500 mwaka 2000, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa inauza mali zake kwa mpinzani wake, NVIDIA. Historia ya kutosha kumfanya mtu asite.

AMD haikuwa na nafasi ya kusita. Iliinunua ATI mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, na Novemba ya mwaka huohuo NVIDIA ikatoa GeForce 8800 GTX, kadi iliyoacha wengine mbali. Jibu la AMD, Radeon HD 2900 XT, lilichelewa hadi Mei 2007, likaja lina joto na linakula umeme mwingi bila kumfikia mpinzani. Chipu kubwa ina tatizo lake: inachongwa kwenye kisahani cha silikoni, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo doa moja linavyoharibu mali nyingi zaidi. Ndipo AMD ikageuza mkakati. Ikatengeneza chipu ndogo ya nanomita 55, ikaiuza peke yake kwa dola 219 kama HD 3870, na kwa mwenye kiu zaidi ikazipanga mbili kwenye bodi moja, na katikati yake kijichipu cha kugawa mawasiliano. Kwa akili ya biashara naiheshimu hatua hiyo. Ni hesabu ya mtu asiye na mtaji wa kujenga ghorofa, akaamua kujenga vyumba viwili na kuviunganisha kwa mlango.

Na ilifanya kazi. Katika gemu nyingi zilizopimwa, kadi ile iliipita hata 8800 Ultra, iliyokuwa ghali kuliko zote za NVIDIA. Lakini kulikuwa na masharti. Gemu isiyotambuliwa na draiva ilitumia chipu moja tu, na mnunuzi wa dola 449 akabaki na kadi ya dola 219. Kumbukumbu nayo iliandikwa gigabaiti moja kwenye boksi, kumbe kila chipu ilikuwa na megabaiti 512 zake na ilibeba nakala ya mzigo uleule wa mwenzake. Utawala wenyewe ulidumu siku 50. Tarehe 18 Machi NVIDIA ikajibu kwa 9800 GX2, chipu mbili pia, dola 599.

Kilichobaki kuelezwa ni ile namba iliyowafanya watu wanunue: fremu kwa sekunde.

Chipu hizi ziligawana kazi kwa zamu. Ya kwanza inachora fremu ya kwanza, ya pili inachora ya pili, ya kwanza inarudi kwa ya tatu. Aliyewahi kuona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja ameshaelewa. Mchi huu ukipanda, ule unashuka, na mdundo unakuwa sawa: ti, ti, ti, ti. Sasa mmoja akianza kushusha mchi wake papo hapo baada ya mwenzake, mdundo unakuwa ti-ti, kimya, ti-ti, kimya. Ukihesabu mapigo kwa dakika, idadi ni ileile. Lakini hata aliye nje ya ua anasikia kwamba kuna kitu hakiko sawa.

Ndivyo ilivyotokea. Fremu 60 kwa sekunde maana yake ni fremu moja kila milisekunde 16.7. Lakini kama fremu moja inakuja baada ya milisekunde 3 na inayofuata baada ya milisekunde 30, wastani bado unasoma 60, huku jicho likiona kitu kinachokaribia 30. Tena zamu hizo hazikufupisha muda wa kuchora fremu yenyewe, kwa hiyo aliyebonyeza kitufe cha kupiga risasi hakupata jibu la haraka kama namba ilivyomwahidi. Wachezaji wa Ujerumani waliokuwa wakilalamikia kukwama huko walikuwa na neno lake, Mikroruckler, na wapo waliowaona wanatafuta kasoro tu. Wastani ulikuwa upande wa kampuni.

Ilichukua hadi Septemba 2011 ndipo Scott Wasson wa The Tech Report akaandika uchambuzi uliopima muda wa kila fremu badala ya kuhesabu fremu za sekunde nzima. Mwaka 2013 vikaja vifaa vya kunasa picha inayofika kwenye kioo chenyewe, si inayotangazwa na programu, na kasoro ya kadi pacha za AMD ikaonekana wazi. Agosti 2013 AMD ikatoa draiva ya majaribio yenye kupanga mdundo wa fremu. Miaka mitano na nusu ilikuwa imepita tangu ile Januari. Walioketi kwenye benchi la kibandani wangeliona mchana uleule.

Kadi pacha ziliendelea kutoka hata hivyo, kila moja na njaa kubwa zaidi. Radeon R9 295X2 ya mwaka 2014 ilikula wati 500, ikapozwa kwa maji, na kuuzwa dola 1,499. Hatimaye gemu zenyewe ndizo zilizokata mnyororo: mbinu mpya za kulainisha picha zilianza kutumia fremu iliyopita kuchora inayofuata, na chipu ya pili haiwezi kuanza kutwanga kama lazima imsubiri mwenzake amalize.

HD 3870 X2 leo ni kitu cha mtumba, na zipo zitakazomshawishi kijana anayejenga kompyuta ya mezani kwa vipande. Hesabu yake si ngumu. Kadi ile ikifanya kazi kwa nguvu zote inatumia karibu wati 196. Saa nne kila siku kwa siku 30 ni uniti 23 na ushee za LUKU. Mteja mdogo wa TANESCO anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi ili abaki kwenye bei nafuu, kwa hiyo karibu theluthi ya nyumba nzima imekwenda kwenye kadi, kabla ya friji, feni na taa. Na AMD iliihamishia familia hiyo ya kadi kwenye kundi la zamani mwaka 2012, hivyo gemu zilizokuja baadaye draiva yake haizijui. Chipu ya kwanza itachora. Ya pili itakaa imewashwa, ikila umeme, ikisubiri zamu.