Shilingi 4 kwa Kila Mtoto

Shikeni kalamu, maana historia ya leo ina hesabu ndani yake.

Mwaka 1862 Serikali ya Uingereza ilianza kufuata kanuni mpya ya kuzisaidia shule za watoto wa maskini. Aliyeileta ni Bwana Robert Lowe. Shule ilipewa shilingi 4 kwa mwaka kwa kila mtoto, kwa kufuata wastani wa mahudhurio. Fedha nyingine zilitegemea mtihani.

Haya, pigeni hesabu. Wastani ukiwa watoto 100, shule hupata shilingi 400. Surua ikiingia, wastani ukashuka hadi 80, shilingi 80 zimepotea. Na mara nyingi mshahara wa mwalimu ulitoka humo humo!

Kanuni ile ilitazama jengo pia. Mkaguzi alitakiwa kuthibitisha kwamba nyumba haidhuru afya, ina mwanga, hewa, vyoo na mifereji ya maji machafu. Tena chumba kikuu kiwe na futi 80 za ujazo kwa kila mtoto. Chumba cha futi 20 kwa 20, kwenda juu futi 10, kina futi 4,000: watoto 50. Mimi naona wamebanana hata hivyo.

Jengo lisipofaa, shule ilinyimwa msaada wote. Hapo palikuwa na ukali, kwa kuwa shule yenye chumba kibovu ndiyo iliyohitaji fedha za kukitengeneza.

Kabla hatujakutana tena, pimeni chumba mnachosomea, kisha mgawanye kwa 80.