Mwenye Vyombo

Ba'mdogo wangu alipiga gitaa la solo mjini Moshi kwa miaka kumi na moja, kuanzia 1976 hadi 1987, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gitaa. Dansi likiisha saa nane usiku alifuta nyuzi kwa shati, akalikabidhi kwa mtunza stoo, akapanda zake Kibosho kwa miguu. Gitaa lilikuwa la mwenye vyombo. Siku bendi ilipovunjika vyombo vikauzwa, yeye akabaki na vidole vyake.

Nimeanza na yeye kwa sababu tukisimulia muziki wa dansi huwa tunasimulia watunzi na waimbaji. Ni mara chache tunauliza gitaa lenyewe lilikuwa la nani. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi walikuwa na bendi yao, JKT nao yao. Remmy Ongala alivuma akiwa na Super Matimila, na Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Yaani mpaka jina la bendi ni la mwenye mali! Mwanamuziki akihama, na walihama sana, aliondoka mikono mitupu na kwenda kutafuta mwenye vyombo mwingine.

Kwa nini wasinunue ya kwao? Ba'mdogo hucheka ukimuuliza hivyo. Gitaa la umeme lilitoka nje, na cha nje kilitaka fedha za kigeni. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 hizo fedha zilikuwa adimu kama sukari, na mbele yako kwenye foleni kulikuwa na mafuta, dawa na vipuri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa, bila kuulizwa sana alizipataje. Mwenye duka alikuwa nazo. Mpiga solo angezitoa wapi?

Kinachoniuma mimi ni kwamba fedha za kigeni zenyewe zilikuwa zinatoka shambani kwetu. Babu alikuwa na kahawa, kama karibu kila mtu kule juu. KNCU, chama cha ushirika cha tangu 1933, kilifutwa pamoja na vyama vikuu vingine mwaka huohuo wa 1976 ba'mdogo alioanza kupiga, lakini kahawa haikuacha kushuka Moshi. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei duniani kote. Babu alilipwa shilingi, dola zikaenda Benki Kuu. Na mmoja wa wateja wakubwa wa kahawa yetu ni Japani. Kule "Kilimanjaro" si mlima tu, ni jina la kahawa. Hata arabika ya Mbinga au Mbeya inauzwa kwa jina hilo. Kwa hiyo kulikuwa na Mjapani anakunywa jina la mlima wetu asubuhi, pengine akiwa njiani kwenda kiwandani kutengeneza gitaa ambalo mtoto wa mkulima wa kahawa hakuwa na namna ya kulinunua.

Mtanzania mmoja alifika huko mapema. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70. Huwa nawaza alichokiona kwenye madirisha ya maduka ya muziki. Japani ilikuwa imetoka kwenye wazimu wa gitaa la umeme ulioanza 1965, baada ya ziara ya The Ventures, na viwanda vilikuwa vimejaa.

Kimoja ni Fujigen, kilichoanzishwa 1960 huko Matsumoto, mji uliozungukwa na milima. Miaka ya sabini kilitengeneza magitaa ya Ibanez, yaliyopelekwa nje, na ya Greco, yaliyouzwa hasa kwa Wajapani wenyewe. Mengi yalikuwa nakala za Gibson na Fender. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson ilimshtaki msambazaji wa Ibanez wa Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na tangu hapo watu huita kila gitaa la Kijapani la enzi hizo "gitaa la kesi", hata yale ambayo kesi haikuyagusa kabisa. Fender walifanya ujanja tofauti. Mwaka 1982 waliungana na Wajapani, wakaunda Fender Japan, na kazi ya kuchonga wakawapa Fujigen haohao waliokuwa wakiwaiga. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko tangazo lolote.

Mwaka jana nikaagiza Greco la 1979. Aliyewahi kuagiza gari Japani haitaji kufundishwa: muuzaji hatumi nje, unamlipa wakala wa kule apokee, akague, apige picha mikwaruzo, afungashe. Nauli ilikaribia nusu ya bei. Forodha wanajumlisha bei, nauli na bima ndipo wanapiga ushuru, na juu yake VAT ya asilimia 18. Kosa la kijinga nililifanya mwenyewe: niliongeza amplifaya ndogo. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 230. Nilichomeka, nikasikia harufu.

Tukaazima amplifaya ya kwaya ya parokia. Siku hizi Kibosho mwenye vyombo ni kanisa.

Ba'mdogo ana miaka sabini na moja. Alilishika, akalinusa (sijui kwa nini), akalipima uzito kwenye goti. Vidole vilikuwa vizito. Alikosea, akarudia, akakosea tena palepale. Kama baada ya nusu saa ile sehemu ikapita, naye hakusema kitu, aliirudia tu mara nne. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Alipomaliza alifuta nyuzi kwa shati, akalilaza kwenye boksi, akanisogezea.

"La kwako hilo, ba'mdogo."

"Risiti ina jina la nani?"

Ilikuwa na jina langu. Nikachukua kalamu, nikaandika lake nyuma, na tarehe. Aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, halafu akaniambia nyuzi hizi ni nyembamba mno, nikishuka mjini nimtafutie nene.